Gata la paa kwenye pikapu ya Baba

Tulikuwa tunashuka kutoka Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Jumapili ya Matawi. Masika yalikuwa yameshika kweli, na Mama alikuwa amekaa upande wa kushoto, mkoba mapajani. Kwenye tuta la kwanza nikakanyaga breki. Maji yakamwagika kutoka pembe ya juu ya kioo cha mbele, si tone moja moja, ni mkupuo, yakamwangukia begani na kulowesha kitenge alichokuwa ameshonewa kwa ajili ya siku hiyo.

"Baba, humu ndani kuna mvua yake," akaniambia, akajifuta, akasogea katikati.

Kwenye tuta la pili yakamwagika tena, safari hii kwenye kiti kitupu.

Kilichonikaa kichwani si yale maji. Gari la zamani kuvuja si habari. Kilichonikaa ni kwamba asubuhi tulipanda njia hiyohiyo, kwenye mvua hiyohiyo, na pembe ile ilikuwa kavu kabisa.

Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, na kwa wiki kadhaa kila mtu aliyenitembelea alilazimika kulisikia.

Mtuhumiwa wa kwanza

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, pikapu ya mlango mmoja kila upande, ya mwaka 1994. Wanaoyajua magari haya wanajua kwamba injini yake, 1HZ ya lita 4.2, humaliza bodi mbili kabla haijachoka. Ya kwetu bado inawaka kwa mguso wa kwanza. Ndiyo maana bodi inaniuma. Chini kuna mashine yenye miaka mingi mbele yake, na juu kuna bati linalokwisha kidogo kidogo bila mtu kuliangalia.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: raba ya kioo. Si jibu la ovyo. Kioo cha mbele cha magari haya kimeshikwa na raba, na raba ikikakamaa maji hupita chini yake, bati linaoza kwa siri, na siku ukitoa kioo unakuta nusu ya ukingo imegeuka unga wa kahawia. Gereji moja mjini walitaka kukitoa kioo siku ileile. Walishanitajia bei kabla hawajafungua hata mlango.

Nilikaribia kukubali. Bei ilivumilika, na mtu aliyelowa hutaka jambo liishe.

Ila raba mbovu ingevuja tukipanda na tukishuka. Na kwa kweli tukipanda ndipo mvua inapokipiga kioo uso kwa uso. Kwa nini basi maji yasubiri mteremko na breki?

Nikarudi nyumbani na kioo changu mahali pake.

Mpira wa maji na tochi ya simu

Kuna namna moja tu ya kuyauliza maji yalikopita, nayo ni kuyamwaga wewe mwenyewe, polepole, ukianzia chini. Ukianza kwa kumwagia paa zima, kila kitu kitalowa na hutajua kipi kilimlowesha mwenzake. Mdogo wangu alikaa ndani na tochi ya simu, kitambaa cha nguzo ya mbele tumekishusha, pembe ya dari tumeifunua. Mimi nilishika mpira nje. Ukingo wa juu wa kioo niliuziba kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ili kioo kikae nje ya kesi kwa muda.

Chini ya kioo: kimya. Pembeni: kimya. Nikautoa mpira kwenye kioo nikauweka juu ya paa, maji yatiririke kwenye gata, ule mfereji wa paa ulio juu ya mlango. Kimya.

Hapo nilikata tamaa kidogo, maana mtuhumiwa wa pili naye alionekana msafi.

Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Si tulipokuwa tunashuka?" Tukalisukuma gari mpaka kwenye mteremko wa kuingilia uani, pua ikaangalia chini, tukaweka mawe kwenye magurudumu. Nikarudisha maji kwenye gata, pembeni tu, mbali na kioo. Haikupita dakika akapiga kelele kutoka ndani.

Maji yalikuwa yanaingia kwenye maungio ya paa, juu ya mlango, kiganja kimoja nyuma ya nguzo. Yakishaingia yanatembea kwa ndani juu ya ukingo wa bati, yanajikusanya pembeni, na breki ikikanyagwa yanamwagika yote kwa pamoja mbele. Mama alikuwa anaona mwisho wa safari yao tu.

Lile gata lenyewe

Paa la gari la aina hii si kipande kimoja na ubavu wake. Bati la paa limekunjwa ukingo, bati la ubavu nalo limekunjwa, kingo mbili zikalazwa pamoja na kuchomelewa nukta kwa nukta kiwandani. Mkunjo huo ndio unaokuwa mfereji juu ya mlango. Kati ya nukta na nukta chuma hakijaungana; kimelaliana tu. Kinachozuia maji pale ni silanti, gundi ya kuziba maungio, iliyopakwa kwenye sakafu ya mfereji kabla ya rangi.

Kwa hiyo uzima wa paa zima unategemea ule ukanda mwembamba wa silanti, uliopakwa mwaka 1994 na mtu ambaye hatutamjua.

Jua la kwetu, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, linaikausha silanti hiyo mwaka hadi mwaka. Inakakamaa, inasinyaa, inapata nyufa ambazo jicho halizioni mpaka upitishe ukucha. Rafu rodi inamalizia: kila shimo linaukunja mwili wa gari kidogo, na silanti iliyokuwa inavutika sasa inakatika. Ufa ukishapatikana, mwanya kati ya mabati mawili ni mwembamba kiasi kwamba maji hayahitaji kusukumwa. Yananyonywa kama mafuta ya taa kwenye utambi, hata kwenda juu. Yakiingia hayatoki upesi. Kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi inayasukuma mabati yaachane, mwanya unapanuka, maji zaidi.

Sisi tuliongeza mambo mawili. La kwanza ni keria. Keria ya Baba ilibana kwenye gata kwa miguu minne, na juu yake imebeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare kwenda juu tangu nikiwa darasani. Mzigo wa majani mabichi si mzigo wa kuchekesha. Uzito wote ule ulikuwa unaning'inia kwenye ukingo ambao haukuungana vizuri, na gari linaruka. La pili ni majani yenyewe. Makapi yanadondoka kwenye gata, yanachanganyika na vumbi jekundu la kiangazi, yanakuwa tope, na tope hilo linabaki na unyevu siku nzima baada ya mvua kukatika. Pale mguu wa keria ulipobana ndipo tope lilikuwa nene kuliko kote.

Na ndipo palipovuja.

Harufu ya siki

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali.

Niliposafisha gata kwa mswaki wa zamani niliona kwamba mtu alishawahi kulitengeneza. Miaka iliyopita gari liliwahi kukaa gereji kwa kazi ya rangi, na huko walipaka silikoni nyeupe urefu wote wa mfereji, juu ya vumbi, juu ya rangi iliyokwisha kuvimba, kisha wakapulizia rangi juu. Ile rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande, maana rangi haishiki kwenye silikoni. Kibaya zaidi, kwenye ncha ya mbele, pale gata linapoinama kufuata nguzo ya kioo na maji yanapotakiwa kutoka, walijaza mpaka juu.

Waliuziba mlango wa kutokea.

Swali langu la mteremko likajibiwa. Gari likipanda, maji yanakimbilia nyuma na kumwagika huko. Likishuka, yanakimbilia mbele, yanakuta ukuta wa silikoni, yanajaa kama bwawa, na kina kikifika juu ya ule ufa uliojificha chini ya mguu wa keria, yanaingia ndani.

Ile silikoni ya bomba la plastiki inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, ambayo ukiipaka inanuka siki, inatoa asidi ya asetiki wakati inapokauka. Kwenye vigae vya bafuni haina shida. Kwenye chuma kilichokwisha kuguswa na kutu inasaidia kutu kufanya kazi yake. Na ikishapita mahali inaacha utando ambao silanti nyingine yoyote haiung'ang'anii mpaka uukwangue na kuusugua wote. Nimeona watu wengi wakisifiwa dukani kwa kuinunua. Naomba, kama una gari la zamani unalolipenda, iache bafuni.

Kufungua au kufunika

Nilizibua ile ncha ya mbele siku hiyohiyo, kwa bisibisi na subira. Mvua iliyofuata tukashuka tena Kibosho. Hakuna mkupuo. Matone mawili matatu tu.

Hapo ndipo shaka yangu kubwa ilipoanza. Kwa macho ya mtu wa kawaida kazi ilikuwa imekwisha. Baba alisema hivyo. Gari linafanya kazi, msimu wa ndizi unaendelea, masika yatapita. Unafungua nini tena? Na ukifungua ukakuta paa limeoza, utalifunga na nini?

Sikuwa na jibu la kumpa. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu kuna kazi za bodi ambazo zikishaanza hazijui pa kuishia. Unakwangua mahali padogo, kutu inakuonyesha njia, unaifuata, na jioni una gari lisilo na paa na mvua inatanda juu ya Kilema. Nilikaa na wazo la kupaka kitu juu ya ufa, kitu kizuri kuliko silikoni, na kuliacha hivyo.

Kilichonigeuza ni mzee mmoja fundi bodi, gereji yake iko chini ya mwembe njia ya Pasua. Nilimwamkia, akaitikia, akapanda kwenye tairi la mbele, akapitisha kidole gumba kwenye gata bila kusema neno. Kisha akabonyeza mahali fulani kwa ncha ya msumari. Maji ya rangi ya chai yakajitokeza. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu juzi yake.

"Mangi," akasema, "ukipaka hapa, haya maji unayafungia wapi?"

Akaongeza kwamba nikimwachia gari siku moja atapaka, na litapendeza. Nikimwachia mpaka akauke, atafungua. Bei ya pili ilikuwa kubwa mara kadhaa, na hakuwa na kitu cha kunionyesha mwishoni isipokuwa mfereji ulio kama ulivyokuwa.

Bei ya kazi isiyoonekana

Nimelifikiria sana neno la yule mzee, kwa sababu naona ndilo linaloamua hatima ya magari mengi hapa kwetu kuliko mvua.

Tunapokwenda gereji tunapatana juu ya kile tutakachokiona jioni. Rangi inaonekana. Pati, ile ya kujazia mashimo kabla ya rangi, inaonekana ikishapigwa msasa na kung'aa. Kukwangua, kukausha, kusubiri, kusafisha kwa thina, kusubiri tena, hayaonekani, na hakuna anayetaka kuyalipia. Fundi anayeyafanya anaonekana mzembe na ghali. Fundi anayeyaruka anamaliza mapema, anasifiwa, na miaka mitatu baadaye mteja anarudi akiamini kwamba gari la zamani ndivyo lilivyo. Mimi silaumu mafundi peke yao. Waliopaka silikoni kwenye gari letu walipewa muda wa kupaka silikoni na pesa ya kupaka silikoni.

Na pati ndiyo inayoniumiza zaidi. Pati inanyonya unyevu. Ukiiweka juu ya shimo la kutu ndani ya mfereji wa maji, umelaza kitambaa chenye maji juu ya chuma na kukifunika kwa rangi nzuri.

Niliongea na Baba jioni moja, tukabishana bila kukasirikiana. Hatimaye akasema gari ni langu kulitunza kama nataka likae. Tukasubiri masika yapite.

Chini ya silanti

Mzee hakutumia grenda. Nilimuuliza, akasema bati hili halifiki milimita moja, na grenda haichagui kati ya kutu na chuma kizima. Alitumia bisibisi bapa aliyoiviringisha pembe kwa tupa, na brashi ya waya nyembamba kama mswaki. Silikoni ilitoka kwa mikanda mirefu. Silanti ya kiwandani chini yake ilikuwa ngumu, rangi ya maziwa yaliyochacha, ikikatika vipande kama ganda la yai, na chini yake sehemu nyingi chuma kilikuwa bado kinang'aa. Nilifurahi kupita kiasi kuona chuma kile.

Chini ya mguu wa keria hakikung'aa. Kulikuwa na tabaka jeusi, lenye unyevu, na alipoligusa likaporomoka. Nikaingia ndani ya kebini na kuangalia juu. Mwanga ulikuwa unapita. Tundu lilikuwa la milimita tatu hivi. Alipokwisha kuondoa kila kilichokuwa laini, lilikuwa na urefu wa kidole cha shahada.

Tukasimama pale. Kuchomelea paa ni jambo la hofu. Kwa gesi, moto unalipinda bati na paa linabaki na mawimbi maisha yake yote. Kwa umeme wa fimbo za kawaida, bati linayeyuka na tundu linakua. Mzee alisema hatafanya hivyo hapo kwake. Alimwita kijana mwenye mashine ya mig, inayochomelea kwa waya mwembamba. Tukang'oa waya wa betri, tukashusha dari yote, tukafunika kioo kwa turubai lililoloweshwa. Kijana alikata kiraka kutoka kwenye bati la mlango chakavu wa gari kama hilihili, akakikunja kufuata umbo la mfereji, akakishika kwa nukta fupi fupi, moja huku, nyingine kule, akipumzika katikati mpaka unaweza kuweka mkono. Ilimchukua nusu ya mchana kwa kiraka cha kidole.

Sijawahi kumlipa mtu kwa moyo mweupe namna ile.

Yaliyobaki yalikwenda kwa utulivu. Dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki kwenye madoa yaliyobaki, ikasuguliwa na kusafishwa. Gari likaachwa juani milango wazi, na hewa ya kompresa ikapuliziwa kwenye maungio mpaka hakuna unyevu uliotoka. Praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kukinga chuma. Kisha silanti ya poliyurethani ya maungio ya bodi, iliyosukumwa kwa kidole chenye glavu ili iingie ndani ya mkunjo badala ya kulala juu yake, na kulazwa kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye tundu la kutokea maji. Silanti hii inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo ukiiona imekauka juu bado haijakauka moyoni. Mzee aliiacha siku kadhaa kabla ya rangi. Rangi nayo si pambo. Bila rangi jua litaila silanti tena.

Tuliliweka gari kwenye mteremko uleule, mpira uleule. Mdogo wangu alikaa ndani mpaka akachoka.

Keria

Hapa ndipo palipobaki ubishi. Baba alitaka keria irudi. Kwake gari la shamba lisilo na keria halijakamilika, na majani ya ng'ombe hayasubiri nadharia zangu. Mimi sikutaka kitu chochote kibane kwenye lile gata tena. Tulipatana hivi: kijana wa mig akatengeneza kichanja cha mabomba kinachosimama kwenye bodi ya nyuma na kupita juu ya kebini bila kuligusa paa. Ni kizito kuliko keria, na kinapiga mluzi gari likikimbia. Lakini uzito sasa unashuka kwenye chesi.

Makapi bado yanadondoka. Kila Jumamosi wakati wa masika napitisha mswaki kwenye mfereji na kuchokoa ile ncha ya mbele kwa kijiti.

Upande wa kulia haujavuja, lakini nimepitisha ukucha na umenasa sehemu mbili, zote pale miguu ya keria ilipokuwa. Mzee amenitengea nafasi Septemba, kabla ya vuli. Baba amekubali gari lilale gereji kwa sharti kwamba majani yatafutiwe gari jingine kwa muda huo, na kodi yake nilipe mimi. Tumeshapatana na jirani mwenye Canter.